Majina Manne Kwenye Jalada: Kumsoma Kitereza Goweko

Safari hii begi langu lilikuwa na nguo za siku nne na riwaya moja ya juzuu mbili. Riwaya ndiyo iliyokuwa nzito. Ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali ya Aniceti Kitereza, toleo la Tanzania Publishing House la 1980. Niliipata kwa muuza vitabu vya zamani, Dar, ikakaa rafuni kwangu miaka sita. Na humu tuambiane ukweli tu: mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaoisifia riwaya hii kila inapotajwa, wakati mwenyewe nimeishia kama ukurasa wa arobaini.

Nilikuwa naenda Goweko. Kwa wasiopajua, ni kituo cha reli ya kati, wilaya ya Uyui, mashariki ya Tabora mjini. Ukitokea Dar unapita Malongwe, unapita Nyahua, halafu unashuka. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora 1912, lakini watu walikuwa wakipita nchi hii zamani sana kabla ya reli: misafara ya Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo na kurudi na nguo, shanga na bunduki. Kwetu ni hapo. Nilizaliwa Dar, ila ukiniuliza kwetu ni wapi sitataja Dar.

Baba mkubwa ndiye aliyeniita. Alipiga simu usiku akasema, "Mwanangu, wewe ndo msomi wa ukoo. Njoo utuandikie muhtasari wa kikao, tusije tukaandika vitu vya kugombania baadaye." Familia ilikuwa imeamua kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa eneo la marehemu bibi. Eneo lenyewe ni nyumba ya tofali za kuchoma, mashamba mawili, bani bovu la kukaushia tumbaku, miembe mitano, na itongo la babu. Itongo ni pale mtu alipoishi akahama: nyumba imeshaanguka, pamebaki udongo uliovimba kidogo, lakini kila mtu anajua palikuwa pa nani.

Fomu inataka jina. Baba mkubwa aliona liandikwe lake, kwa kuwa ndiye kaka mkubwa. Baba mdogo, anayeishi Mwanza, aliona yaandikwe ya watoto wa kiume wote watatu, marehemu baba yangu awakilishwe na kaka yangu. Shangazi, ambaye amekaa kwenye eneo hilo miaka kumi na tisa tangu aliporudi kutoka kwenye ndoa yake, akamuuguza bibi mpaka akamzika, hakuna aliyemuuliza. Si kwa ubaya, nadhani. Walisahau tu kwamba kuna swali.

Kitereza nilimbeba kwa hesabu za kivivu: siku nne, mtandao wa kubahatisha, nitaimaliza hii riwaya. Sikujua kwamba nimebeba kitabu kinachozungumzia kesi yetu.

Nianze na kitabu chenyewe, maana wengi tunakijua kwa sifa. Kitereza alizaliwa 1896 kisiwani Ukerewe, kwenye Ziwa Viktoria, akasomeshwa na Mapadre Weupe. Riwaya aliiandika kwa Kikerewe na kuikamilisha 1945. Hakuna aliyekuwa tayari kuchapa kitabu kinene namna ile kwa lugha ya kisiwa kimoja. Padre mmoja Mkanada, Simard, alijaribu kukitafutia njia ng'ambo, haikuwezekana. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Gerald na Charlotte Hartwig, watafiti waliofika Ukerewe, walimshauri akitafsiri kwa Kiswahili. Mzee akakaa chini akakiandika upya, kwa mkono wake, kwa lugha nyingine. Kikachapwa 1980, kazi ya uchapaji ikifanyika China. Kitereza akafariki 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Hebu fikiria: miaka thelathini na mitano mswada uko ndani ya nyumba. Na kuna jambo la pili ambalo huwa linatajwa kwa sentensi moja na kupitwa: Kitereza na mkewe Anna Katura hawakubaki na mtoto. Watoto wao walifariki wakiwa wachanga. Sasa soma tena hadithi ukijua hilo.

Hadithi ni hii. Zamani, kabla ya wakoloni, mume na mke wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno. Baba yake Bugonoka anaposikia binti yake anavyotukanwa, anakuja kumchukua na kumrudisha kwao. Myombekere anabaki peke yake nyumbani, mwanaume mzima anahangaika na jiko. Anakwenda ukweni kuomba mke wake. Wakwe wanakaa kikao, wanamkuta na hatia, wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Anailipa, anarudishiwa mke, wanakwenda kwa mganga Kibuguma kutafuta tiba. Hatimaye wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Juzuu ya pili inawafuata watoto hao mpaka wanakuwa watu wazima na wazazi wanazeeka na kufa.

Lawama inayorudiwa kuhusu kitabu hiki ni kwamba si riwaya, ni ensaiklopidia ya mila. Kwamba Kitereza anaiacha hadithi njiani ili akufundishe namna ya kusalimia, kulima, kujenga, kutibu, kuzaa na kuzika. Pombe ya ile faini ndiyo mfano wa kila mtu: kurasa na kurasa za ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, zinavyochanganywa na unga wa mtama, mpaka ichachuke. Nami hapo ndipo nilipokuwa nimekwama. Nilisoma kama mtu anayesubiri hadithi irudi.

Jioni ya pili pale Goweko nilikuwa nasoma nje chini ya mwembe, shangazi anapepeta mahindi. Akauliza nasoma nini. Nikamwambia ni kitabu cha Wakerewe wa zamani. Akasema, "Soma kwa sauti basi, mbona unakula peke yako?" Nikasoma. Ilikuwa palepale kwenye pombe. Nilisoma kwa aibu kidogo, nikijua panachosha. Shangazi hakusema kitu kwa muda mrefu, ungo unapanda na kushuka. Halafu akasema, "Huyu mzee anahesabu sana."

"Anachosha, eh?"

"Hapana. Anahesabu kama mtu aliyewahi kudaiwa."

Nimesoma makala kadhaa kuhusu Kitereza, za Kiswahili na za Kiingereza. Sijaona sentensi inayomfikia kwa karibu kama hiyo.

Shida yetu sisi tuliosoma ni kwamba tukiona orodha ya vitu tunaona mapambo. Tunadhani vitu viko pale ili tukio litokee juu yake. Katika kijiji cha Kitereza kitu ndicho tukio. Pombe ya faini si kinywaji. Ni namna ya kulazimisha mtu aonyeshe ana nani. Mtu mmoja hawezi kuitengeneza kwa kiasi kinachotakiwa: zinahitajika ndizi nyingi kwa wakati mmoja, vyombo, mikono ya kukamua, mabega ya kubeba hadi ukweni. Wakwe wakisema leta pombe, wanachouliza hasa ni hiki: wewe uliyeshindwa kuwanyamazisha ndugu zako wasimtukane binti yetu, je, una watu? Na kila hatua anayoieleza mwandishi inaongeza msaada ambao Myombekere kesho ataulipa kwa msaada. Ukiruka hizo kurasa umeruka hadithi.

Ndiyo maana nasema hii ni riwaya ya mali, na ni riwaya bora kabisa ya mali tuliyo nayo kwa Kiswahili. Siyo kwa sababu ina matajiri. Myombekere si tajiri. Ni kwa sababu inajua kwamba kijijini mali ni njia inayopita kati ya watu. Mahari yametoka huku yakaenda kule, kwa hiyo binti akitukanwa huku, kule wana haki ya kuja. Salamu ni mali, maana usipoisalimia nyumba ya mtu vizuri huna pa kuanzia kuomba. Mtoto ni mali, si kwa maana ya kuuzwa, bali kwa maana kwamba bila yeye njia zote hizi zinaishia ukutani kwako. Na hapo ndipo uchungu wa kitabu ulipo. Nyumba isiyo na mtoto ina vitu lakini vitu havina pa kwenda.

Kwetu Unyamwezini jambo hili halihitaji maelezo mengi. Zamani ardhi haikuwa kitu cha kugombania, pori lilikuwa kubwa kuliko watu. Mtu alilima mahali kwa ridhaa ya mwanangwa, mkuu wa eneo chini ya mtemi. Akihama, pakawa itongo, na mwingine aliweza kupewa. Uhaba ulikuwa wa watu. Ndiyo maana wazee walitofautisha ndoa mbili: ile ya kukwa, iliyotolewa mahari, ambayo watoto wake ni wa upande wa baba, na ile ya butende, isiyo na mahari, ambayo watoto wake walihesabiwa kwa wajomba. Angalia mkazo uko wapi. Hawaulizi shamba ni la nani. Wanauliza watoto ni wa nani.

Shangazi alinisimulia kwamba babu alihama mara mbili maishani. Mara ya kwanza kwa hiari, alipofuata udongo wa tumbaku. Mara ya pili wakati wa Operesheni Vijiji, ile ya miaka ya 1970, watu walipokusanywa kwenye vijiji vya pamoja. Hilo itongo tunalolitaja kwenye fomu leo ni pale alipotolewa. Miembe miwili kati ya mitano iko huko, imezaa mwaka huu. "Watu wanachuma," akasema, "lakini wanapita hapa kwanza wanaaga." Nikamuuliza wanakuja kuaga kwa nani. Akanitazama kama mtoto. "Kwa aliyepo."

Mtu anaweza kusema, sasa wewe unamsifia Kitereza kwa dunia ambayo imekwisha. Ni kweli, na hapa ndipo ninapotaka kumdai mzee. Katika kitabu chake ardhi ipo kama hewa ilivyo. Inalimwa, inakanyagwa, haina bei. Mwandishi aliyemaliza kazi 1945, ambaye ameona kodi, misheni, serikali mbili za kigeni, ameamua kuandika kisiwa kama vile hakuna aliyekuja. Ni uamuzi, na una gharama yake. Unapata ukamilifu wa ajabu wa maisha ya ndani ya boma, lakini hupati ile siku ambayo mtu anakuja na karatasi.

Siku hiyo iliandikwa na kijana wa kisiwa hichohicho. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe 1944, Kitereza akiwa bado na mswada mezani. Katika Dunia Uwanja wa Fujo, ya 1975, kijana wake Tumaini anatoka kisiwani, anakuwa mkulima mkubwa upande wa Shinyanga, anaonja utamu wa kusema "shamba langu", halafu Azimio la Arusha na siasa ya Ujamaa vinamfikia. Anamuua kiongozi wa serikali na anahukumiwa kunyongwa. Katika Gamba la Nyoka, ya 1979, ni wanakijiji wanaohamishwa kwa nguvu kwenda kwenye vijiji vipya. Ukiweka vitabu hivi pamoja na cha Kitereza, unapata historia ya mali vijijini kwetu iliyoandikwa na kisiwa kimoja: kwanza mali ni watu, kisha mali ni shamba la mmoja, kisha mali ni ya wote kwa amri. Na vimechapwa ndani ya miaka mitano, 1975 hadi 1980, kana kwamba babu na mjukuu wamekuja kikao kimoja.

Tofauti yao ni hii. Kezilahabi ana hasira na anakwenda haraka. Watu wake wanajua wanachokipoteza baada ya kukipoteza. Kitereza ana subira. Anakuonyesha kitu kinavyofanya kazi kabla hakijavunjika, ili siku kikivunjika ujue ni kipande gani kimetoka. Ukimsoma Kezilahabi peke yake utadhani ugomvi ni kati ya mtu na serikali. Ukimsoma Kitereza kwanza, unaona hata Tumaini alikuwa ameshakata njia zake na watu kabla serikali haijafika.

Na tusidanganyane kwamba visiwa vya zamani havikujua mipaka. Kaskazini ya Ukerewe kuna Ukara, kisiwa kidogo, watu wengi. Wakara wanajulikana kwa vizazi kwa kilimo chao: ng'ombe wanafungwa ndani, wanakatiwa majani, mbolea inapelekwa shambani, na mashamba hata miti ina wenyewe. Ardhi ikiwa ndogo, kila kitu kinapata jina la mtu. Goweko tulichelewa tu. Sasa hivi nasi tumeanza kupata majina.

Deni la pili ninalomdai Kitereza ni zito zaidi. Tuangalie Bugonoka. Baba yake anamchukua, mume anamfuata, wazee wanaketi, faini inatajwa, anarudi. Anapendwa na pande zote mbili, na kitabu kinajua hivyo. Hata hivyo katika hesabu hii yote yeye ndiye anayehesabiwa. Wanaohesabu ni wanaume. Na Bulihwali, binti yake, atakwenda njia hiyohiyo: wa kiume anaoa na kujenga mji wake, wa kike anaolewa na kuhama. Kitereza haoni haja ya kuuliza mwanamke akirudi kwao miaka kumi na tisa, anakuwa nani. Kwenye riwaya Bugonoka anarudi kwao akiwa njiani tu, anasubiri kurudishwa. Shangazi yangu hakufuatwa na mtu mwenye pombe.

Nilimsomea hapo pia. Bugonoka yuko kwao, mume hajafika. Shangazi akauliza, "Alimaliza muda gani huko?"

Nikamwambia si mrefu sana.

"Basi hakuanza kulima," akasema. "Ukilima msimu wa pili ndo unajua umerudi."

Hilo kwenye kitabu halimo. Na si kosa dogo, maana kitabu kinachojua kila kitu kuhusu mikono, kingejua hata hili kama kingetaka. Lakini sitaki kumhukumu mzee kwa sheria zetu, hasa kwa kuwa sheria zetu zenyewe zina lao. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali huru mwaka 1963 ziliwaweka mabinti daraja la tatu la urithi, nyuma ya mtoto wa kiume mkubwa na nyuma ya watoto wengine wa kiume. Mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi sawa na mwanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaja kusema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Ninavijua hivi vitu, nimeviandikia habari. Nilivipanga kichwani usiku ule kama silaha.

Kikao kilikaa asubuhi ya siku ya tatu, chini ya mwembe uleule. Salamu kwanza, mwangaluka kwa kila mtu, ndefu, kila mmoja na za nyumbani kwake. Baba mdogo alishaingia na basi kutoka Mwanza. Walikuwapo jirani wawili wa mipaka na mzee mmoja wa balozi. Baba mkubwa akafungua. Akaeleza eneo, akataja mashamba, bani, miembe, itongo. Alitaja kila kitu kwa historia yake: shamba hili babu alilipata kwa fulani baada ya kumsaidia msiba, mwembe huu ulipandwa aliyepanda akiwa mjamzito wa fulani. Nikawa naandika huku najikuta natabasamu, maana nilikuwa nasikia Kitereza. Ilichukua karibu saa nzima. Mtu wa mjini angesema anachosha.

Na katika saa hiyo nzima ya hesabu, jina la shangazi lilitokea mara nyingi. Nani aliezeka upya nyumba ilipovuja? Dada. Nani alilipa kibarua cha kung'oa visiki? Dada. Nani aliyekuwa na mama siku ile? Dada. Baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyekuwa anasema. Alikuwa mkweli kabisa, hesabu ilimlazimisha. Halafu akafika mwisho akasema, "Kwa hiyo jina liandikwe langu, kama mkubwa," na pale pakawa kimya.

Sikutoa Jaji Mwalusanya. Sikutoa kifungu. Nilisema tu, kwa adabu, "Baba mkubwa, samahani, nisomee niliyoandika tuone kama nimekosea?" Akasema soma. Nikasoma muhtasari wote tangu mwanzo, taratibu, kama nilivyomsomea shangazi jioni. Kila palipo "dada" nikasoma "dada". Baba mdogo akaanza kuangalia chini. Mzee wa balozi akakohoa.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka pembeni. Hakusema kitu wakati wa kusoma. Nilipomaliza akasema maneno machache: "Mimi sidai nyumba. Nadai nisije nikaambiwa niage."

Ningependa kuwaambia kwamba kikao kilimalizika vizuri. Hakikumalizika. Baba mkubwa aliomba wapewe muda hadi baada ya kuuza tumbaku, warudi wakae tena. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna njia ya kuandika jina zaidi ya moja, ameelezwa hivyo ofisini. Baba mdogo akasema lifikiriwe. Nafasi ya jina kwenye fomu ikabaki wazi. Nimeondoka nayo hivyo kichwani, na nikifikiri sana naona ni hatua: mwezi mmoja nyuma nafasi hiyo ilikuwa imeshajazwa, ila tu hakuna aliyekuwa ameshika kalamu.

Nimeimaliza riwaya kwenye treni ya kurudi. Kwa wanaouliza waisome vipi: tafuteni ya Kiswahili kama mnaipata, maana ni mkono wa Kitereza mwenyewe, Kiswahili chenye harufu ya Kikerewe, chenye sentensi ndefu zinazozunguka kabla ya kutua. Ikishindikana ipo tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe, iliyotolewa 2002 na Mkuki na Nyota, aliyoitoa moja kwa moja kwenye Kikerewe. Msiisome kimya kimya peke yenu. Mtafutieni mtu mzima anayepepeta au kumenya kitu, msome kwa sauti. Na mkifika kwenye pombe, msiruke.

Jambo la mwisho nimelipata usiku wa kuondoka. Shangazi alichukua juzuu ya kwanza, akaigeuza, akasoma jalada polepole kwa sauti. Bwana Myombekere. Na Bibi Bugonoka. Ntulanalwo. Na Bulihwali. Mimi jina hilo nimelikariri tangu chuo, nilikuwa nikilicheka kwa urefu wake, nikisema mzee alishindwa kuchagua. Riwaya zetu nyingi zina jina la mtu mmoja au hazina la mtu kabisa.

Shangazi akafunga kitabu akanirudishia.

"Huyu," akasema, "kaandika wote."